Gato ya Forosadi Tuliyoipeleka Lusangi

Mimi siamini unga. Wadogo zangu mliobaki pale kwenye furu, tanuri yetu ya mikate, mkiulizwa Mama Zawadi alifanya kazi gani miaka yote ile, jibuni hivi: alikuwa anaamka kabla ya jogoo kwenda kuushuku unga. Mfuko unaweza kuwa mweupe juu, na chini una wadudu wanaotembea kama watu wa soko. Sasa magoti yamekataa, nimekaa nyumbani hapa Kasongo, na watu wanapita kunisalimia na kunisifu. Hao nao nawashuku. Mtu akikusifu sana siku umeacha kazi, ujue ameshaweka jicho kwenye ubao wako wa kukandia. Ubao wangu uko chini ya kitanda, msijisumbue.

Niliingia bulanjeri, pale tunapooka mikate nyuma ya soko, nikiwa msichana mwenye mikono myembamba. Fundi alikuwa mzee Ramazani, mtu mfupi, kofia haimtoki kichwani hata furu ikiwaka namna gani. Hakuniuliza jina. Alinisukumia kikapu cha mayai na bakuli la maji.

"Tia moja moja," akasema. "Lenye kulala chini ni rafiki. Lenye kusimama, jihadhari nalo. Lenye kuelea, peleka mbali na pua yangu."

Yote yalilala chini. Nikafurahi, nikaanza kuyapasua moja kwa moja juu ya unga. La mwisho lilikuwa na damu. Mzee Ramazani alitazama ule unga ulioharibika, akanitazama mimi, akaketi juu ya gunia kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Maji yanakuambia nusu," akasema. "Nusu ingine unaiuliza kikombe. Yai linapita kwenye kikombe kwanza, hata kama limetagwa na kuku wa mama yako."

Hilo la kuku wa mama yangu lilinikaa. Kwa mzee Ramazani hakukuwa na cha kuaminika kwa sababu kinatoka kwa mtu wetu. Chumvi alionja kabla ya kuitia, akisema chumvi na sukari zimezaliwa mapacha ili kutukomoa. Hata furu yenyewe hakuiamini, na aliijenga kwa mikono yake, matofali na udongo. Ninyi mnajua, furu yetu haina saa wala kipimo. Unatupa unga kidogo kwenye sakafu yake na kuangalia. Ukigeuka mweusi papo hapo, mikate itaungua nje na kubaki mbichi ndani. Ukigeuka kahawia polepole, ingiza. Na upande wa nyuma, kushoto, pana moto wa unafiki: unajificha, halafu unatoka mikate ikiwa karibu kuiva. Mpaka leo upo. Tumekarabati furu mara nyingi na ule moto haujahama.

Gato, ile keki ya sherehe, yeye hakuipenda. Alisema ni mkate wenye majivuno. Lakini watu wa harusi na ubatizo walizidi kuiomba, na mwisho alinifundisha, kwa kununa. Gato haitaki furu kali. Inataka furu iliyokwisha kutoa mikate, moto umeshapungua hasira. Margarini na sukari unavisugua kwa mwiko mpaka viwe vyeupe na mkono ukuume. Mkono usipouma, bado. Mayai yanafuata, moja baada ya jingine, kutoka kikombeni. Halafu unga uliochungwa pamoja na levire ya kuumulia, na maziwa kidogo. Ukishatia unga, acha kukoroga kwa nguvu. Gato inayopigwa sana inakasirika na kuwa ngumu. Baadaye unachoma kijiti katikati: kikitoka kikavu, imeiva. Mimi nachoma mara mbili, maana kijiti cha kwanza kinaweza kupita kwenye tundu la hewa.

Jambo jingine alilonipa mzee Ramazani ni kuonja. Mnajua desturi yetu, toka Nyangwe mpaka Salamabila: mwenye kuleta chakula anakula kwanza, mbele ya macho ya wanaokaribishwa. Hiyo ni adabu, hakuna wa kuona haya. Watu wamezika jamaa zao hapa kwetu na kubaki na maswali, na mtu mwenye maswali anatazama sahani kwa muda mrefu. Kwa hiyo siku za soko mzee Ramazani alivunja mkate wa kwanza, akautafuna wima mlangoni, wateja wakimhesabia tonge. Alipokufa, nikarithi kutafuna.

Sasa niwaambie habari ya Riziki, maana ninyi mlisikia vipande vipande tu, na najua vipande hivyo vilipitia midomo gani.

Riziki alikuwa mtoto wa mtaa wetu. Aliolewa Lusangi, upande wa Kabambare, na kijana mmoja mchimbaji wa dhahabu jina lake Juma. Juma alirudi kutoka Salamabila tumbo limevimba, akalala kidogo, akafa. Ndugu zake hawakusema neno kwenye kaburi. Walisema baadaye, pembeni, kama mambo haya yanavyosemwa: mwisho alikula kwa nani? Alikula kwa mke wake. Basi Riziki akarudishwa Kasongo kwa kaka yake, na watoto wake watatu wakabaki Lusangi kwa mama mkwe. Mdogo wao, Faida, alikuwa ndiyo kwanza ameacha ziwa.

Alinikuta nafagia furu. Alikuwa amekonda mpaka kitenge kinamzunguka.

"Mama Zawadi, nataka gato," akasema. "Kwa Juma wanamaliza matanga, mwaka umetimia. Wamekubali nifike na chakula. Wakikula, narudi na watoto wangu. Wakikataa, imeisha, nawaona tu kwa barabara."

Hilo lilikuwa kweli, ndiyo desturi. Mjane anayesemwa vibaya analeta chakula kwa mkono wake, siku ya arobaini au ya mwisho wa matanga. Wakwe wakila, mioyo imesafika, na hakuna ruhusa ya kumsema tena.

"Gato ya namna gani?" nikamuuliza.

"Ya kawaida tu, ya familia. Lakini na forosadi."

Forosadi ni yale matunda madogo meusi, marefu kama funza mnene, yenye maji mekundu ya zambarau. Jina lake lilitufikia pamoja na watu wa pwani wa zamani. Mti wake uko nyuma ya nyumba ya kaka yake Riziki, na kila mtoto wa mtaa ule ameshapigwa kwa sababu ya madoa ya nguo.

"Nitazitia ndani," nikasema.

"Na juu pia, Mama. Zikiwa mbichi. Nyingi."

Hapo masikio yangu yakasimama. Chakula kilichopita motoni nakielewa. Lakini kitu kibichi, kinachowekwa mwishoni, na mkono wa mwanamke anayeshukiwa sumu, mbele ya watu wale wale wanaomshuku? Wee! Hata malaika angeuliza.

"Juu ya nini mbichi, kwa sababu gani?"

"Mama mukwe hana meno."

Jibu hilo halikusimama hata kidogo. Forosadi iliyopikwa ndani ya gato ni laini kuliko mbichi, na yeye ni mpishi, anajua. Nikamkazia macho. Akaongeza swali, macho yakiwa chini:

"Moto unaua rangi yake?"

"Unaipunguza."

"Bon. Mbichi, basi."

Nilimjua Riziki tangu anatambaa. Nilimpenda. Na usiku ule nililala nikimshuku kabisa, bila aibu, maana mzee Ramazani hakusema yai la jirani mpenzi lisipite kikombeni.

Asubuhi alikuja na bakuli limefunikwa jani la mgomba. Nikaangalia kucha zake. Nikaangalia chini ya jani. Nikachukua maji kuziosha zile forosadi, akanishika mkono.

"Mama, maji yatatoa utamu wake wote."

"Kwenye furu hii tunda haliingii bila kuoga," nikamwambia, na nikaziosha, polepole, nikazitandaza juu ya kitambaa zikauke. Hilo lishikeni: tunda lenye maji linafanya gato iwe uji. Zile za ndani nilizigaragaza kwenye unga mkavu kwanza, zisizame chini.

Halafu, Riziki alipotoka kutafuta pikipiki, nilichukua forosadi chache nikamtupia kuku wa jirani, yule aliyezoea makombo yetu. Akala. Nikawa nasugua sukari huku namtazama. Akatembea, akakwaruza, akafukuza mwenzake. Vizuri. Nikaingiza gato kwenye furu, nikageuka, naona kuku ameingia kwenye kivuli cha kuni, amelala, macho amefumba. Nikasimama juu yake na mwiko mkononi nikiwaza namna ya kumwambia Riziki, namna ya kuita watu. Kuku akainuka, akapiga kelele, akaondoka. Alikuwa anataga. Yai lake nililitia kwenye maji kabla ya lolote. Mazoea ni mazoea.

Gato ilitoka nzuri, kahawia, imepasuka kidogo katikati, mipasuko ikitoa ule wekundu. Riziki aliponiomba niende naye, kwa maana chakula cha mkono wake peke yake hawangekigusa, nilikubali. Sikukubali kwa wema tu. Gato yangu haiendi mahali pa maneno bila mimi.

Tulipanda pikipiki moja, dereva mbele, mimi katikati na gato juu ya mapaja imefungwa kitenge, Riziki nyuma na bakuli lake la forosadi. Mahali fulani daraja lilikuwa limebaki na miti miwili. Dereva akaanza kuvusha pikipiki kwa kuisukuma, sisi tukabaki ng'ambo. Nikaona nafasi ndiyo hii.

"Riziki. Mimi ni mama yako. Ndani ya hii bakuli iko nini?"

Hakukasirika. Alicheka, kicheko kikavu.

"Hata weye, Mama Zawadi?"

"Hata miye. Sema."

Akaniambia. Kumbe alishapeleka chakula mara ya kwanza, siku ya arobaini. Wali na kuku. Shemeji yake Amisi, mkubwa wa nyumba, alipokea sahani kwa mikono miwili, na wengine wote hivyo hivyo. Vidole vikaenda kinywani. Wakasema tumekula, asante, Mungu akuongeze. Asubuhi yake Riziki akakuta wali wake na kuku wake nyuma ya migomba, vipande vizima, siafu wamejaa. Alipodai watoto, Amisi akamjibu mbele ya wazee: nani alikula chakula chako? Hakuna aliyekula.

"Mutu akikataa mbele yangu, ningejua la kufanya," akasema Riziki. "Lakini wanakubali na mikono, wanakataa kwa migomba. Ndiyo maana nataka forosadi. Mutu hawezi kusema amekula forosadi na ulimi wake mweupe."

Nilisimama pale na gato mikononi. Hadithi ilikuwa nzuri. Na mimi hadithi nzuri nazishuku zaidi kuliko mbaya. Tukavuka.

Lusangi walikuwa wamekaa barazani, wazee, shangazi, watoto. Amisi alikaa kwenye kiti cha peke yake. Ni mwanamume wa sura nzuri, anafanya biashara Salamabila, meno meupe anayoyatunza kwa kijiti asubuhi na jioni. Kwenye mkeka alikaa mama yake, Mama Amisi, mzee mdogo mdogo, kinywa kimebaki na fizi tu. Faida alikuwa mapajani mwake. Mtoto alimtazama Riziki kama anavyomtazama mgeni yeyote, halafu akageuza uso.

Tukasalimia wote, mmoja mmoja. Riziki akapiga magoti, akazipanga forosadi juu ya gato mbele ya kila mtu, akakata kipande, akala, akafungua mikono waone haina kitu.

Amisi akatikisa kichwa. "Mwenye kutega mutego anajua pa kupita," akasema. "Huyu mama mupishi naye akule. Nami namuchagulia kipande."

Akachagua cha katikati, kilichojaa forosadi kuliko vyote. Jamani, niliogopa. Nilikuwa nimeoka gato ile kwa mikono yangu, nimeosha kila tunda, nimemlinda kuku asubuhi nzima, na bado nilikigeuza kipande juu chini kabla ya kukiuma. Nikala. Ilikuwa tamu, yenye uchachu kidogo mwishoni, na unga umeshika vizuri. Nikangoja. Watu wote walikuwa wananingoja mimi. Tumbo likakaa kimya, na hapo ndipo nilipoacha kumshuku Riziki.

Vipande vikagawanywa. Watoto hawakuhitaji kuhimizwa. Mama Amisi alipokea chake, akakitazama muda mrefu sana, kisha akamtazama Riziki, akaweka kinywani. Akatafuna kwa fizi. Shangazi wakaona, nao wakala. Baada ya kidogo baraza nzima midomo imekuwa kama ya watu waliokunywa wino, watoto wanatoana ndimi na kuchekana.

Amisi akajifuta mdomo na mushwari, ile leso yake kubwa, akaikunja akaitia mfukoni.

"Tumekula," akasema. "Tunashukuru. Sasa mambo ya watoto ni mazito, tutayaongea siku ingine."

Alitabasamu. Meno yote, meupe pee.

Riziki aliona. Shangazi waliona. Lakini mkwe hawezi kumwambia shemeji yake mkubwa afungue kinywa kama ng'ombe wa kununuliwa. Riziki akaanza kuokota makombo kwenye mkeka. Mimi si mkwe wa mtu pale. Nikakohoa.

"Bwana Amisi, sisi watu wa furu tunauliza siku zote, tujifunze. Uchachu wake uliuonaje?"

"Uchachu?" akasema. "Haikuwa na uchachu. Tamu tupu, kama sukari."

Watoto wakaangua kicheko. Mama Amisi hakucheka. Aligeuka polepole pale kwenye mkeka.

"Amisi. Fungua kinywa."

"Mama, miye ni mutu muzima, mbele ya wageni..."

"Ni miye nilikuzaa. Fungua."

Akafungua. Ulimi ulikuwa safi kama wa mtu aliyefunga. Mama yake akanyoosha mkono, na Amisi, mtu mzima wa biashara, akatoa leso mfukoni akampa. Ilikuwa imelowa zambarau, kipande kizima ndani yake.

Nilidhani yule mzee angepiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini, tukainama wote kusikia.

"Uliniona nakula. Uliona watoto wa ndugu yako wanakula. Ukanyamaza, ukaficha chako. Basi niambie, mwanangu. Ao haukuamini hata siku moja kama huyu mwanamuke iko na sumu, ao uliamini, na ukaniacha nikufe. Ni gani?"

Amisi alitazama leso, akatazama wazee, akatafuta uso wa kumsaidia. Wote walikuwa wanamtazama yeye, na nilijua macho yale, maana nimeyatumia maisha yangu yote. Mwisho akachukua kile kipande kilichopondeka, akakitia kinywani, akatafuna na kumeza, machozi yakimlenga.

"Niliogopa," akasema. "Juma alikufa mikononi mwangu, Mama. Niliogopa tu."

"Wote tunaogopa," akasema mama yake. "Lakini watoto siyo dawa ya woga wako. Wanaenda na mama yao."

Riziki akalia hapo, kwa sauti, kile kilio alichokuwa hakuruhusiwa kulia kwenye mazishi. Shangazi mmoja akamshika bega. Watoto wawili wakubwa wakamkimbilia, midomo yao ikampaka kitenge chote.

Mama Amisi akamuinua Faida kutoka mapajani mwake, akamuweka mapajani mwa Riziki. Mtoto akapiga kelele, akanyoosha mikono kumrudia bibi yake. Hakumjua tena huyu mwanamke. Riziki hakumbembeleza kwa maneno. Alimshika tu, akachukua forosadi moja iliyobaki kwenye bakuli, akaisogeza karibu na mdomo wake.

Faida alinyamaza. Akalitazama lile tunda, akautazama ule mkono. Halafu akafungua kinywa na kula, bila kungoja mtu aonje kwanza.